Mkulima wa mteremkoni naye ni sekta binafsi

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa ugani mstaafu mbele ya kikao cha kata mojawapo ya milima ya Uluguru, kilichowakutanisha wakulima wa maharage, wanunuzi wa mazao na watumishi wa Halmashauri. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa salamu zilizoachwa.



Kichwa nilichopewa ni kirefu. Kinasema: kuunganisha sekta ya umma na sekta binafsi kwa ajili ya uhakika wa chakula duniani. Nilipokuwa nakisoma kituoni nikisubiri gari la kuja huku, kijana mmoja mwenye shehena ya ndizi aliniuliza, “Bibi shamba, hiyo sekta binafsi ndiyo nani?” Nikamjibu kwa haraka kwamba ni makampuni, mabenki na wenye viwanda. Gari lilipoanza kupanda mlima nikaona kwamba nimemdanganya. Kijana yule amelima kwa jembe lake, kwa mtaji wake, katika shamba la ukoo wa mama yake. Hasara ikija ni yake, na faida ikija ni yake. Kama huyo si sekta binafsi, basi sijui ni nani. Na leo ninataka tuzungumze juu ya jambo hilo, kwa sababu kikundi chenu cha maharage kimewekewa mkataba mezani, na mkataba huo una pande mbili tu zilizotajwa kwa heshima: Halmashauri na kampuni. Mkulima ametajwa ndani yake kama mtu wa kupelekewa mbegu na kuchukuliwa mavuno.

Nianze mbali kidogo, nisikae huko. Mwaka 1996 mataifa yalikutana Roma na kukubaliana kwamba uhakika wa chakula maana yake ni kila mtu, kila wakati, aweze kukipata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe, kwa mkono wake au kwa fedha yake. Miaka ya 2007 na 2008 bei za vyakula zilipanda duniani kote. Mchele ulizidi maradufu katika soko la dunia, na nchi zilizouza mchele zikafunga milango kwa hofu ya watu wao. Wakubwa wakashtuka. Mwaka 2009 walikutana L'Aquila huko Italia wakaahidi zaidi ya dola bilioni 20 kwa kilimo, na Mei 2012 walikutana Camp David, Marekani, wakaanzisha muungano wa serikali na makampuni kwa ajili ya chakula na lishe, nasi Tanzania tukawa miongoni mwa nchi tatu za kwanza, pamoja na Ghana na Ethiopia. Kwetu kulikuwa tayari na mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, uliotangazwa Dar es Salaam Mei 2010, na mkoa wetu wa Morogoro umo ndani yake.

Je, mipango hiyo ilifika kwa mkulima? Mahali pengine ilifika, lakini si kwa namna iliyotarajiwa. Chukueni shamba la mpunga la Mngeta, bondeni Kilombero. Lilikuwa ubia wa mamlaka ya umma ya Bonde la Rufiji na kampuni kutoka nje, zaidi ya hekta 5,000, na wageni wakubwa walikuwa wakipelekwa kulitazama. Pembeni mwa shamba hilo wakulima wadogo walifundishwa kilimo shadidi cha mpunga: mbegu kidogo, mche mmojammoja kwa nafasi iliyopimwa, palizi ya mapema. Baadaye shamba kubwa lilielemewa na madeni. Lakini anayejua kupanda kwa nafasi hakunyang'anywa ujuzi wake na mdai yeyote. Neno hilo naomba mlishike, maana nitalirudia nitakapofika kwenye mkataba wenu: katika kila ubia, ulizeni ni kitu gani kitabaki mkononi mwa mkulima siku mshirika mkubwa atakapoondoka.

Sasa turudi mlimani. Wazee waliopo hapa, au wazazi wao, wanaujua mwaka 1955. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, kuzuia udongo usiporomoke, maana mito ya milima hii ndiyo inayoufanya Mto Ruvu. Lakini njia ilikuwa amri. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa siku kadhaa kila juma, na asiyechimba alitozwa faini. Wataalamu hawakuuliza udongo wetu ukoje. Katika sehemu nyingi matuta yale yaliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua ule mwekundu wa chini, mahindi yakatoka manjano, na mvua kubwa zilipokuja matuta mengine yakaporomoka yote kwa pamoja. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukafa.

Mimi niliajiriwa miaka mingi baada ya hapo, na bado nilikuta nyumba ambazo ukitaja neno “matuta” wazee wanatazamana. Nilijifunza kusema “kinga maji” badala yake. Sikulaumu. Serikali iliyokuja peke yake, na fimbo mkononi, iliwafanya watu wachukie hata kitu ambacho kingewafaa.

Nusu karne baadaye jambo lilelile lilijaribiwa tena kwa njia nyingine, na lilijaribiwa humu humu wilayani, Kibungo Juu. Ninaomba niliseme kwa kirefu kwa sababu ndugu zetu wa Kibungo, Lanzi, Dimilo, Lukenge na Nyingwa walikuwa walimu wetu sote, na naona vijana wengi hawajui.

Kuanzia mwaka 2006 mashirika mawili, CARE na WWF, yalikuja na swali rahisi. Maji ya Mto Mfizigo yanaingia Ruvu, na Ruvu inanywesha Dar es Salaam. Udongo ukiporomoka Kibungo, maji yanafika mitamboni yakiwa matope, na kuyasafisha kunagharimu fedha. Basi anayefaidika na maji safi kule chini kwa nini asimlipe anayeshika udongo huku juu? Wakatafuta wanunuzi wa huduma hiyo, wakapata wawili: shirika la umma la maji la Dar es Salaam, ambalo wakati huo liliitwa DAWASCO, na kampuni binafsi ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Umma na binafsi, ndugu zangu, kwenye karatasi moja, na upande wa pili mkulima wa mteremkoni akiwa muuzaji. Hakuwa msaidiwa. Alikuwa na kitu cha kuuza.

Mkulima alikubali mwenyewe, kwa sehemu ya shamba aliyoichagua, kuchimba fanya juu au matuta, kupanda miti, kuweka mistari ya majani au mananasi kukingama mteremko. Shamba likapimwa na kukaguliwa, kisha akalipwa kulingana na kazi iliyofanyika. Kazi ile ile iliyokataliwa mwaka 1955 kwa risasi ilifanywa kwa hiari. Aliyefanya vizuri alipata vitu viwili: malipo madogo ya fedha, na shamba linaloshika mbolea na unyevu, kwa hiyo mahindi na maharage zaidi. Hapo ndipo maji ya mtu wa mjini na chakula cha mtu wa mlimani vilipokutana katika mfereji mmoja.

Lakini nisiwape sifa tupu. Mambo matatu yalisumbua, na yote matatu yatawasumbua na ninyi. La kwanza ni ardhi. Kwetu Uluguru mashamba mengi ni ya ukoo, na anayelima si lazima awe mwenye neno la mwisho. Aliyeazima shamba hawezi kupanda mti bila kuonekana anajimilikisha, kwa hiyo wenye ardhi chache, na wengi wao walikuwa akina mama wanaoongoza kaya, waliingia kwa shida. La pili ni kazi. Kuchimba tuta ni mwaka huu, faida ni mwaka kesho na keshokutwa, na tumbo linadai leo. La tatu, na ndilo kubwa kwangu, ni kwamba sehemu kubwa ya gharama za kuanzisha, yaani utafiti, upimaji, mafunzo na hata malipo ya mwanzo, ilibebwa na wafadhili. Mnunuzi wa maji ni wa kudumu, maana Dar es Salaam haiachi kunywa. Mfadhili ni wa miaka michache. Ubia unaotegemea wa miaka michache kumlipia wa kudumu haujakamilika.

Na leo jambo hili halijaisha. Bwawa la Kidunda linajengwa katika wilaya yetu hii hii, kwenye Ruvu, ili mji wa Dar es Salaam upate maji hata kiangazi. Udongo wa milima hii usiposhikwa utakwenda kukaa chini ya bwawa. Mheshimiwa Diwani, ninaliweka mikononi mwako: siku mkiitwa kuzungumza juu ya bwawa lile, msiende kuomba. Nendeni mkiwa wauzaji, na mchukue daftari la Kibungo.

Sasa maharage.

Waswahili wana methali inayotufaa watu wa Morogoro kujicheka, kwamba penye miti hapana wajenzi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya mlima huu, tunaziona taa zake usiku. Tangu kianzishwe mwaka 1984 wataalamu wake wametoa aina za maharage zilizokusudiwa wakulima kama sisi: SUA 90, Rojo, Mshindi, Pesa. Taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, iko Morogoro. Wakala wa Mbegu za Kilimo ulioanzishwa mwaka 2006 uliweka makao Morogoro. Utafiti wa mahindi na mikunde uko Ilonga, Kilosa, na wa mpunga uko Dakawa. Halafu ukimwuliza mama wa kata hii amepanda maharage gani, anasema ya kununua sokoni, mchanganyiko, yaliyokuja kwa lori asilolijua.

Kwa nini? Sababu si uvivu wa mtu yeyote. Sababu ni tabia ya maharage yenyewe. Mahindi chotara huyapandi mara mbili ukapata mavuno yaleyale, kwa hiyo mkulima anarudi dukani kila mwaka, na kampuni ya mbegu inaishi. Haragwe hujichavusha lenyewe. Ukinunua mbegu bora ya Mshindi mwaka huu, ukachagua vizuri na kuhifadhi vizuri, mwaka kesho na unaofuata unapanda uliyovuna. Kampuni itamuuzia nani? Ndiyo maana wenye maduka wanaweka mahindi na mboga kwenye rafu, haragwe halipo. Biashara peke yake haiwezi kulifikisha haragwe jipya mlimani. Na chuo peke yake hakiwezi, kazi yake ni kuzalisha aina mpya na mbegu mama kidogo, hakina malori.

Hapo ndipo pana nafasi ya kikundi chenu. Sheria inaruhusu mkulima aliyefunzwa na kusajiliwa azalishe mbegu za kuazimiwa ubora. Anachukua mbegu ya msingi kutoka kwa Wakala au kituo cha utafiti, analima shamba lililotengwa, wakaguzi wanalipitia, kisha anawauzia majirani zake mbegu iliyo safi kwa bei ya chini kuliko ya dukani. Serikali inatoa aina na ukaguzi, mkulima anatoa shamba na uaminifu, na mnunuzi mkubwa anapata maharage ya aina moja, rangi moja, yanayoiva chunguni kwa wakati mmoja. Mnunuzi mwenye akili atalipia hilo. Ndugu mnunuzi uliyeketi pale mbele, nimekuona ukitabasamu. Najua unavyopoteza siku nzima kuchambua magunia ya mchanganyiko.

Kabla ya mkataba, niseme kisa kimoja kilichonifundisha. Ilikuwa miaka ile ya vocha za pembejeo, iliyoanza msimu wa 2008/2009. Mpango ulikuwa ubia hasa: Serikali ilitoa vocha zenye thamani ya karibu nusu ya bei ya mbegu na mbolea ya ekari moja, wakala wa dukani alileta pembejeo, benki ilimlipa wakala, na mkulima aliongeza nusu iliyobaki. Kijiji kilichagua kamati yake ya wanawake watatu na wanaume watatu. Kwenye karatasi sikuona kasoro. Siku moja, katika kijiji ambacho sitakitaja, nilimwona mama akiingia dukani na vocha tatu, akatia sahihi zote, akatoka na noti chache mkononi, bila mfuko hata mmoja. Mwenye duka alikuwa amemnunulia vocha kwa bei ya kutupa, naye angezipeleka benki zikiwa kamili. Nilimfuata kwa hasira. Akaniambia taratibu, “Mwanangu, hiyo nusu ya kuongezea ningeitoa wapi? Na mbolea niimwage kwenye mteremko ule, mvua iipeleke Ruvu?”

Nilikuwa nimekwenda kumkaripia, nikarudi nimekaripiwa. Tulimletea kitu ambacho hakuwa na fedha ya kukikamilisha wala shamba la kukishika, na hatukuwa tumemuuliza. Mwenye duka alifanya kosa, ndiyo, na ilipaswa ashtakiwe. Lakini na sisi wa serikali tulihesabu vocha zilizotoka, tukaandika taarifa nzuri, tusihesabu mifuko iliyofika shambani. Mimi mwenyewe nilitia sahihi moja ya taarifa hizo.

Basi, mkataba wenu. Katibu wa kikundi aliniletea nakala juma lililopita nikaisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na penseli. Sisemi muukatae. Mnunuzi anayekubali kuandika ni bora mara kumi kuliko yule anayekuja usiku na magunia ya lumbesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumepoteza vya kutosha bila daftari. Lakini kuna vifungu ambavyo, mimi ningekuwa mwanakikundi, nisingevitia sahihi kama vilivyo.

Kifungu cha nne kinasema mkulima atauza maharage yake yote kwa kampuni. Yote! Tufanye hesabu ya jikoni. Nyumba inayopika nusu kilo ya maharage mara nne kwa wiki inakula kilo 104 kwa mwaka. Hilo ni gunia moja na ushei, na bado hujatoa mbegu ya msimu ujao. Ukiuza yote Julai kwa bei ya mavuno, Januari utayanunua maharage hayohayo, yakitokea mjini, kwa bei ya njaa. Hatuwezi kukutana hapa chini ya bango la uhakika wa chakula duniani na kuanza kwa kuondoa chakula cha nyumba hii. Kifungu kiseme kwamba kaya itaweka kwanza kiasi cha chakula na mbegu kilichoandikwa kwa kilo, na kinachozidi ndicho kitauzwa. Kampuni nayo itafaidika, maana mkulima mwenye chakula ghalani hauzi haragwe bichi shambani mwezi Mei kwa mlanguzi.

Kifungu cha bei kinasema “bei ya soko”. Soko lipi? La Mkuyuni, la Mawenzi mjini Morogoro, au la Dar es Salaam? Siku ipi? Andikeni bei ya chini isiyoshuka, na iwe kwa kilo. Debe na ndoo viishie nyumbani. Sheria ya vipimo imekwisha kusema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa haiondolewi na sheria iliyo kabatini mjini. Inaondolewa na mizani iliyopo pale gari linapopakiwa, yenye alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo, na mkulima akiisoma mwenyewe. Wakulima wa miwa wa Kilombero wana kiwanda ambacho Serikali ina hisa asilimia 25, na bado manung'uniko yao ya miaka mingi ni juu ya upimaji, kwa kuwa muwa hulipwa kwa uzito na kwa kiasi cha sukari kilichomo, na kipimo cha sukari kiko kiwandani. Haragwe ni afadhali, halina siri ndani yake. Lakini mkataba wenu unasema ubora “utaamuliwa na mnunuzi”. Uamuliwe na watu wawili, mmoja wenu na mmoja wake, mbele ya gunia lililofunguliwa, na akiwepo afisa ugani wa kata.

Kuna mbegu ya mkopo. Hii naipenda, ila mkataba haukusema mvua zikikosa itakuwaje. Mkulima akivuna sifuri, je, deni linahamia msimu wa pili, au anakuja kuchukuliwa mbuzi? Andikeni. Na aina ya mbegu iandikwe jina, na lebo ya TOSCI ionekane kabla ya kufungua mfuko.

Na niongeze kifungu ambacho hakimo kabisa. Maharage yatalimwa mteremkoni. Tukiongeza ekari bila kinga maji tutakuwa tumeuza udongo pamoja na haragwe, na udongo haukuandikiwa bei. Ningeomba kampuni ichangie, hata kwa kiasi kidogo kwa kila ekari, kazi ya fanya juu na mistari ya majani kabla ya masika. Nasi tuchangie jembe. Wazee wa koo waitwe mapema, watie sahihi kwamba anayelima shamba la kuazima hatafukuzwa kabla msimu wa mkataba haujaisha, na kwamba kinga maji aliyochimba si dai la umiliki. Bila hilo akina mama watabaki nje ya mkataba huu kama walivyobaki nje pale Kibungo.

Nimesema sana juu ya kampuni, sasa niseme juu yetu. Mwaka jana kikundi kingine, si hiki, kilichukua mbegu ya mkopo kwa mnunuzi, na mavuno yalipokaribia akapita mlanguzi akaongeza shilingi mia mbili kwa kilo. Zaidi ya nusu ya wanakikundi waliuza pembeni usiku. Mnunuzi yule hajarudi, na sitashangaa asiporudi. Tulimwonea. Ukitaka kuitwa sekta binafsi, kubali na hasara ya neno lako. Kikundi kiwe na daftari la kila mtu na kilo alizoahidi, lisomwe hadharani kwenye mkutano, si kufichwa kwa katibu.

Na Halmashauri? Nimefanya kazi ndani yake miaka mingi, kwa hiyo nina haki ya kuisema. Inachukua ushuru wa mazao kwenye kila gunia linaloteremka. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulipunguzwa hadi asilimia 2, nalo lilikuwa jambo jema, lakini hata asilimia 2 inapaswa kuonekana inarudi. Kitu cha kwanza ambacho mnunuzi aliniuliza leo hakikuwa maharage, kiliuliza barabara: daraja lile la magogo litavumilia fuso Aprili? Mwenye maharage mazuri nyuma ya daraja bovu anauza kwa bei ya daraja. Hali kadhalika ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: kikundi cha akina mama wa mbegu kingeweza kununulia mizani, turubai za kuanikia na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa. Afisa Maendeleo ya Jamii yupo hapa. Naomba asiondoke bila kuzungukwa.

Ninajua wapo wanaosema mambo haya ni madogo mno kubebeshwa jina la dunia. Mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, mbolea ilipanda bei hadi dukani hapa katani, na Serikali ikalazimika kuwasajili wakulima na kurudisha ruzuku. Dunia ilikuwa imeshafika hapa mlimani bila kualikwa. Kilichotusaidia mlimani mwaka ule ni mbolea ya mbuzi, kinga maji kwa waliokuwa nazo, na mbegu iliyohifadhiwa ndani.

Sasa tuingie kwenye kazi. Nakala za mkataba ziko kwa Mtendaji, ishirini tu, kwa hiyo someni wawili wawili, na anayejua kusoma amsomee mwenzake kwa Kiluguru pale Kiswahili cha mwanasheria kinapogoma. Msitie sahihi leo. Mnunuzi amekubali kusubiri siku kumi na nne, nimemwomba aseme hivyo mwenyewe mbele yenu na atasimama baada yangu. Katika siku hizo kila kijiji kikae, wazee wa koo wawepo, na kila kaya iandike kilo za kuweka ghalani kabla ya kilo za kuuza. Mtakaporudi, njooni na mizani. Ile ya zahanati tusiiazime tena, ni ya watoto.